Mwaka wa C Kavu

Je, niliacha kurudia mtihani kwa ajili ya mama, au niliacha kwa sababu niliuogopa mtihani wenyewe? Swali hili nimelibeba tangu ujana wangu. Nimelipitisha katika madarasa ya diploma, nikapanda nalo jukwaani siku nilipovishwa joho la chuo kikuu katika umri ambao wenzangu wengi walikuwa tayari wanawapeleka watoto wao shule ya msingi, na hata leo nikiulizwa ghafla sina jibu ninaloweza kuliapia. Lilinirudia kwa nguvu mwezi uliopita, tulipomzika mama kule Mbololo. Mchungaji alisimama kando ya kaburi akasoma wasifu wa marehemu: kwamba alikuwa mwalimu mkuu wa chekechea, kwamba aliipenda elimu, kwamba alijinyima ili mwanawe asome. Watu walitikisa vichwa kukubali. Shangazi Mkawasi, dada ya baba, ambaye siku hizi haoni vizuri na alikuwa ameniegemea begani, alinisogelea sikioni akasema, bila kujali kwamba anasikika hadi viti vya nyuma, "Alijinyima, sawa. Lakini mbona hawasemi alivyotutisha? Mimi maishani nimetishwa na ndovu, halafu nikatishwa na mama yako. Ndovu nilishamsahau." Nikacheka kaburini, jambo ambalo halikunipendeza, na usiku nikatambua kwamba kati ya waliokuwa katika chumba kile siku ile ya kutishwa, tumebaki yeye na mimi tu.

Mwaka ule ulianza kwa matokeo ya kidato cha nne. Shuleni yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao ulio nje ya ofisi, na wasichana walikuwa wamesongamana mbele yake, wengine wakipiga vigelegele, wengine wakiondoka kimya kimya kama watu waliokumbuka shughuli fulani. Katika mitihani yote ya majaribio nilikuwa nikipata B, kwa hiyo nilianza kujitafuta juu. Sikujiona. Nikashuka kidogo, kisha nikashuka tena, kama mtu anayeshuka kisimani gizani akipapasa kwa mguu kila kidato cha ngazi, akidhani kila kimoja ndicho cha mwisho. Nilipolikuta jina langu mbele yake palikuwa na C. Haikuwa na jumlisha wala kutoa. C kavu, kama tulivyozoea kuiita, imekaa peke yake. Kumbukumbu yangu ya dakika hiyo si ya huzuni. Huzuni ilikuja baadaye na ilikuwa afadhali. Nakumbuka bumbuwazi tu: nilikuwa nikiyasikia maji yakidondoka kwenye mfereji wa bweni kwa uwazi wa ajabu, na nikajiuliza kwa nini hakuna mtu anayeenda kuufunga.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini alinivutia kiti mwenyewe. "Wakesho," akasema, "chuo kikuu kinataka C na jumlisha yake. Hiyo jumlisha huna. Sasa usiende nyumbani ukajifungie. Kuna vyuo vya ualimu vinapokea C. Kuna vyuo vya ufundi, kuna diploma. Ama urudie." Nikamwuliza kama mtu mwenye diploma anaweza kufika chuo kikuu. Alilifikiria swali kwa muda, na leo, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza wazazi wanaokuja na watoto wao kuniuliza swali hilo hilo, najua kwamba wakati ule kulifikiria ilikuwa heshima, kwa kuwa wengi wangelijibu papo hapo kwamba haiwezekani. "Anafika," akasema hatimaye, "lakini ni njia ya kuzunguka mlima." Nilitoka nikiwa nimesikia kuzunguka tu. Sikusikia kufika.

Baba alikuwa akifanya kazi reli, na siku za kazi tuliishi katika landhi mjini Voi, nyumba zile za mstari ambazo ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua mekundu: upande wa mlango viti viwili vyenye vitambaa vilivyofumwa na mama, meza ya chai na kalenda ya kanisa, upande wa ndani kitanda na masanduku. Mabati yaliunguza kuanzia saa nne ya asubuhi hadi jua lishuke, na vumbi jekundu lilipata njia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mama hakuwa akikaa nasi hapo. Yeye alikuwa juu mlimani, Mbololo, anafundisha watoto wa chekechea ya kanisa, analima, na anamwuguza Nyanya, mama mzazi wa baba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Kwa hiyo wa kwanza kupokea C yangu alikuwa baba, na baada yake, kwa njia ya ukuta, alikuwa Mama Akinyi, jirani yetu aliyekuja Voi na mumewe kutoka upande wa ziwa na ambaye hakuna habari iliyompita.

Nilijilaza nyuma ya pazia, uso umeelekea ukutani, nikawasikia wakiongea mlangoni. "Ati C?" alisema Mama Akinyi. "Sasa Baba Wakesho unalia nini? Kwetu mtoto akileta C tunachinja kuku. Akileta D, kuku tunamchinja pia, lakini tunakula wenyewe." Baba hakucheka. "Huyu ni mtoto wa B," akasema. "Walimu waliniambia. B, Mama Akinyi. Mtoto wa B hapati C hivi hivi." "Mtihani ni mtihani." "Mtihani hauna shida. Kuna mtu." "Mtu gani?" Sauti ya baba ikashuka, na katika sauti ile nikamsikia mtu nisiyemjua, kwani baba alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuzungumza mambo hayo mbele yangu. "Kuna mtu ana kitu moyoni," akasema. Mama Akinyi alivuta pumzi kwa meno. "Aii. Nyinyi watu wa mlima nawaogopa. Mtu akikasirika kwenu, heri angerusha sufuria tukaona."

Hapana budi nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji asiyekulia kwetu. Wadawida, watu wetu wa mlimani, waliamini, na wengi wanaamini bado ingawa huketi viti vya mbele kanisani, kwamba hasira ya ndugu ikikaa moyoni bila kutolewa huweza kumdhuru mtoto wa ukoo, hata kama mwenye hasira hamtakii mabaya, hata kama mwenyewe hajui kwamba anayo. Dawa yake ni kutasa. Ndugu hukutana, kila mmoja kwa zamu yake hujaza kinywa maji, au zamani pombe ya miwa, akayapuliza nje kidogo kidogo, na kati ya pumzi moja na nyingine hutamka maneno ya amani: kama ni mimi niliyekasirika, moyo wangu na upoe, mtoto na awe mzima. Yule anayepuliza anakuwa ametoa. Baba aliita mkutano wetu maombi ya familia, akaupanga Jumapili baada ya ibada. Mpango ulikuwa kwamba tukishatasa, nitarudia kidato cha nne nikiwa mwepesi, na tayari alikuwa amenitafutia nafasi katika shule nyingine. Kuhusu mwenye hasira hakuwa na shaka. Nilipofaulu darasa la nane mbuzi alichinjwa, na Shangazi Mkawasi aliyeolewa Kishushe hakupelekewa habari kwa kuwa hapakuwa na gari la kwenda huko wiki hiyo. Alipokuja kusikia, alisema maneno ambayo yalishuka mlima yakafika landhi kabla yake.

Basi Jumapili ile tulikuwa katika nyumba ya Nyanya, chumba cha sakafu ya udongo uliolainishwa, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Harufu ya moshi na ya kimanga ilitoka jikoni, maana mama alikuwa ameponda muhogo na maharagwe tangu asubuhi kwa ajili ya watu ambao bado hawakuwa na hamu ya kula. Shangazi alifika akiwa mweupe kwa vumbi, amepanda lori la watu waliokuwa wakitafuta madini kule kwao. Hakuketi. "Kaka," akasema, "umenitoa Kishushe juu ya mawe, mgongo wangu umekuwa kama ngoma, unitemeshe maji kwa sababu ya mbuzi?" "Si mbuzi, Mkawasi. Ni maombi." "Ni mbuzi. Nilikasirika, ndiyo. Nikasema. Nilisema kanisani, nikasema sokoni, nikasema kisimani. Mimi hasira yangu huitoa kila siku kwa mdomo. Mtaikuta wapi?" Nyanya, aliyekuwa amejifunika blanketi kwenye kigoda chake, alicheka hadi akakohoa. Lakini Shangazi alinitazama, akanionea huruma nadhani, akaichukua kata ya maji akapuliza kwa nguvu hata matone yakanifikia usoni. "Kama ni mimi, na ipoe! Mtoto apate hiyo B yake, na akiipata, mbuzi huyo nipelekewe mguu."

Baada yake alipuliza baba, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Nyanya akapuliza kwa Kidawida, maneno marefu ya chini chini ambayo yaliwataja watu waliokufa kabla sijazaliwa. Kisha kata ikafika kwa mama. Ilikuwa zamu ya desturi tu, hakuna aliyemngoja. Mama alikuwa ndiye mtu mtulivu kuliko wote katika ukoo ule, mtu ambaye sifa yake ilikuwa kutosikika. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mikono ina unyevu, na baba alikuwa ameshageuka kumwambia Shangazi jambo. Mama akajaza kinywa maji. Tukasubiri. Akasimama hivyo, mashavu yamevimba kidogo, macho yake kwangu. Kisha nikaliona koo lake likienda chini.

Aliyameza.

Sijui niwaelezeje wasiokulia kwetu. Kutema ni kutoa; kumeza, mbele ya mtoto na wazee, ni kusema kwamba unayo na unabaki nayo. Shangazi alishika kinywa. Baba alisema, "Mama Wakesho, umesahau," kwa sauti ya kumpa nafasi, na mama akajibu, "Sijasahau." Akairudisha kata juu ya mtungi kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kikombe cha wenyewe. "Siwezi kutema kitu ambacho bado nakitaka," akasema. "Mnauliza ni nani. Ni mimi. Lakini si kwa huyu mtoto. Mimi nilipomaliza shule nilipata divisheni tatu. Hamkuwepo nyinyi, walikuwepo wa kwetu, na hakuna aliyewaita ndugu kuuliza ni hasira ya nani. Walinipa jembe. Walisema, sawa, basi. Halafu nikaja hapa. Kila mwaka mchungaji ananiuliza kama mwaka huu nitaenda chuo cha chekechea, ninashikiwa kitanda, na kila mwaka nasema bado, kwa sababu kuna Nyanya, kuna shamba, kuna Wakesho yuko bweni. Nimesema bado mpaka huyu amemaliza. Sasa mnataka arudie, na mimi niseme bado tena." Alinigeukia. "Nakuombea upite. Kila siku. Na nikimaliza kuomba naona uchungu. Vyote viwili viko. Nikipuliza hapa nitakuwa nawadanganya."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vingine vya watu waliochunguza mioyo ya binadamu kwa miaka mingi, na sijakutana na sentensi iliyonitikisa kama ile fupi ya mama, kwamba vyote viwili viko. Lakini wakati ule sikuwa na tafakuri yoyote. Nilihisi kama nilivyohisi mbele ya ubao wa matokeo, pengine zaidi, kwa kuwa C ilikuwa imenijulisha jambo kuhusu mimi, ilhali maji yale yalinijulisha kwamba katika miaka yote ya uji wake, barua zake na maziwa aliyonipakia kwenye kibuyu nikirudi bweni, kulikuwa na mtu mwingine ndani ya mama ambaye sikuwahi kumsalimia. Baba alitoka nje bila kofia. Shangazi alikaa chini hatimaye, kwenye gunia la mahindi. Ni Nyanya aliyesema, "Kilichomezwa kimemezwa. Leteni chakula." Kikaletwa. Mimi nilibandua bandua kimanga changu kwa vidole, Shangazi alikitazama chake. Mama alikula sahani nzima, akajiongeza.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama nilimfuata nje ya jiko alikokuwa akisugua sufuria kwa majivu. Nilikuwa nimetafuta maneno mazuri nikayakosa. "Chuo kimefunguliwa lini?" nikamwuliza. "Wiki iliyopita. Mchungaji amesema kitanda changu kipo mpaka kesho, halafu wanampa mtu mwingine." "Basi nenda. Mimi nitakaa na Nyanya. Darasa lako nitalishika." Aliacha kusugua. "Wakesho, sitaki huruma yako. Sikusema yale ili unilipe." "Si huruma." "Ni nini?" Nami nikasema jambo ambalo mpaka leo silijui ukweli wake wote, lakini lilitoka: "Mama, naogopa hesabu. Nikirudia nitapata C tena. Halafu mtamwita nani atase, Mama Akinyi?" Mama akacheka, kicheko kikavu kilichomshtua mwenyewe, akaufunika mdomo kwa mkono wenye majivu ukamwachia alama nyeupe kidevuni. "Hutakaa huku milele," akasema. "Nikirudi likizo ya kwanza tunatafuta diploma. Unaniskia? Hata kama inazunguka." Sikuwa nimemwambia maneno ya mwalimu mkuu. Pengine watu wote walioachwa na barabara kubwa huijua njia ile kwa jina moja.

Baba alikataa, kama tulivyojua atakataa. Alizungumza akiwa amesimama mlangoni, akiutazama ukungu, kwamba nafasi ya kurudia haitangoja, kwamba watu watasema binti yake ameishia chekechea, kwamba mwaka ukipotea haurudi. Kwa kila neno alikuwa na haki, na nataka iandikwe hivyo, kwa sababu yalitimia: watu walisema, na njia yangu ya kuzunguka ilinichukua miaka ambayo wenzangu waliitumia kujenga nyumba. Nyanya alimwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia, "Mke wako amekuonyesha moyo mbele ya mama yako. Unataka akuonyeshe nini kingine?" Baba alisogea kwenye sanduku lake la safari, akaondoa nguo zake, akalipangusa ndani kwa kitambaa, na kulisukuma kwa mguu kuelekea upande wa mama.

Asubuhi mama aliondoka umande ungali kwenye majani ya migomba, baba akitangulia na sanduku begani. Alikuwa amenionyesha mahali chaki zilipo, mtoto yupi huuma wenzake, na yupi asilazimishwe kuimba. Sikumsindikiza, uji wa Nyanya ulikuwa motoni. Nilipofika kwenye chekechea, chumba kimoja chenye madirisha ya mbao nyuma ya kanisa, watoto walikuwa wameshapanga mstari mlangoni, pua zinawatiririka kwa baridi, na wote walinipita kwa macho kumtafuta aliyekuwa nyuma yangu. "Mwalimu ako wapi?" aliuliza msichana mmoja mwenye sweta lililofungwa kifungo kisicho chake. "Mwalimu ameenda kusoma," nikamjibu. Waliniangalia kwa mshangao ambao sijauona tena katika uso wa mwanafunzi yeyote, na yule msichana, kwa sauti ya chini, kana kwamba aliogopa mama angemsikia huko mteremkoni, akauliza, "Kwani alikuwa hajui?" Nilitia ufunguo kwenye kufuli, nikausukuma mlango kwa bega kwa kuwa mbao zilikuwa zimevimba kwa ukungu, nikawaambia waingie.